Mwangati, Msaipresi na Mpodo: Namna ya Kuitambua na Kuikuza

Katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya iko miti mitatu ya kijani kibichi isiyopukutisha majani, ambayo wanachama wengi huijua kwa macho lakini huichanganya kwa majina. Mmoja ni mwangati, ambao Wakenya huuita mtarakwa. Wa pili ni msaipresi, mti uliotoka ng'ambo na kuzoeleka hata wengi wakadhani ni wa asili. Wa tatu ni mpodo. Kuchanganya majina haya barazani si kosa kubwa. Kuyachanganya katika hati ya mauzo ni jambo jingine, kwa kuwa mti ukishapandwa hauulizi uliandikwaje daftarini. Hukua kwa tabia yake.

Chama kimoja cha msingi kilipata somo hilo kwa gharama. Mkutano mkuu uliamua kwamba mpaka wa shamba la chama na uwanja wa ghala upandwe miti itakayotoa nguzo za uzio siku za mbele, nguzo zisizoliwa na mchwa. Wazee walisema mti unaofaa ni mwerezi. Katibu akaandika “mierezi”, muuza miche akaleta miche aliyoiita mierezi, hati ya kupokelea mali ikaandikwa “mierezi”, na malipo yakafanyika siku ile ile. Miche ilistawi vizuri kupita matumaini ya kila mtu. Baada ya miaka michache ikawa mirefu kuliko paa la ghala, ikazaa matunda magumu ya kahawia, na hapo mzee mmoja aliyepata kufanya kazi ya kupasua mbao akasema kwamba hiyo si miti waliyoikusudia. Ilikuwa misaipresi mitupu. Vitabu vilipokaguliwa hapakuonekana hila yoyote ya fedha: bei ilikuwa sawa na hesabu ya miche ilikuwa kamili. Lakini nguzo zilizoahidiwa wanachama hazikuwapo, wala hapakuwa na njia ya kumdai muuzaji, maana neno lililoandikwa lilibeba miti yote miwili.

Neno “mwerezi” lenyewe lina historia ya mkanganyo. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua mierezi ya Lebanoni na wanaijua miberoshi. Mwerezi wa Lebanoni ni mti wa jamii nyingine kabisa, ambao haukui kwa asili katika milima yetu. Wazungu walipofika Usambara na kwenye nyanda za juu za Kenya walinusa ubao wa mwangati, wakaona unafanana kwa harufu na rangi na ule waliouita mwerezi kwao, wakaupa jina hilo. Baadaye msaipresi ulipoletwa, ambao kwa haki ndio ulio karibu na mberoshi wa Biblia, watu waliona majani yake yanafanana na ya mwangati, wakautia katika jina lile lile. Ndiyo sababu leo mtu anaweza kuahidi mwerezi, akaleta msaipresi, na bado akaapa kwamba hakusema uongo.

MWANGATI

Jina la kitaalamu la mwangati ni Juniperus procera. Ni mti wa asili wa milima yenye ukavu kiasi, kuanzia Bara Arabu upande wa kusini-magharibi, kupitia Eritrea, Ethiopia na Somalia, hadi Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na kipande kidogo cha Zimbabwe. Katika jamii yake, ambayo ina aina nyingi duniani, ndio pekee unaoota kwa asili kusini mwa mstari wa Ikweta, na pia ndio mrefu kuliko wote: mti uliokomaa mahali pazuri hufika mita 30 na zaidi. Tanzania unaonekana katika misitu ya Shume na Magamba huko Usambara Magharibi, kwenye miteremko mikavu ya Kilimanjaro, Mlima Meru na kwingineko.

Sifa yake kubwa ni kiini chake. Ubao wa ndani una rangi nyekundu inayoelekea zambarau, una harufu nzuri, hupasuka kwa unyofu, na mchwa hawaupendi. Kwa miaka mingi ulitumika kutengenezea penseli, na mtu aliyechonga penseli ya zamani anaijua harufu yake bila kuambiwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya kamba za chuma kutoka Neu-Hornow, juu katika misitu ya Shume, hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga, ili kuteremsha mbao za mti huu. Gharama ya kujenga kitu kama hicho katika mteremko mkali namna ile inaonyesha thamani iliyokuwa ikitazamiwa.

Mwangati mchanga una majani ya sindano, makali, yaliyopangwa matatu matatu kuzunguka kijiti, na humchoma mtu anapoushika. Unapokua, majani hubadilika kuwa magamba madogo yaliyoshikana na kijiti kama magamba ya samaki. Mara nyingi mti mmoja huonyesha namna zote mbili: magamba juu, sindano kwenye machipukizi ya chini. Gome lake ni jembamba, la kahawia au kijivu, nalo huchanika katika nyuzi nyembamba ndefu.

Alama isiyodanganya ni tunda. Tunda la mwangati ni laini, la mviringo, dogo kama punje ya mtama mkubwa au zaidi kidogo, milimita 4 hadi 8. Huanza kijani, likaiva kuwa la samawati iliyokolea karibu na weusi, na juu yake kuna vumbi jeupe linalofutika kwa kidole. Likiminywa hubonyea, na ndani zimo mbegu chache tu, kwa kawaida mbili hadi tano, ngumu na zisizo na mabawa. Aghalabu miti ya kiume hutofautiana na ya kike. Kwa hiyo kutoona matunda kwenye mti mmoja si ushahidi kwamba si mwangati.

MSAIPRESI

Msaipresi unaopandwa zaidi katika Afrika Mashariki ni Cupressus lusitanica, ambao asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Kabla yake ulijaribiwa sana ule wa California, Cupressus macrocarpa, lakini ugonjwa wa vidonda vya gome uliuharibu vibaya huko Kenya, na wapandaji wakahamia huu wa Meksiko ulioonyesha uvumilivu zaidi. Hukua haraka, hunyooka, na katika mashamba ya miti huvunwa kwa mbao ukifika miaka 25 hadi 30. Mbao zake ni nyepesi, za rangi ya manjano hafifu, zinafaa kwa kenchi, milango na masanduku. Si mti wa kudharauliwa hata kidogo. Kosa ni kuutaka ufanye kazi ya mwangati: nguzo ya msaipresi isiyotiwa dawa, ikichimbiwa ardhini, haichukui muda mrefu kabla ya kuoza au kuliwa na mchwa.

Majani yake makubwa nayo ni magamba, lakini ncha zake zimechomoza kidogo, na rangi yake ni kijani cha kijivu kisichong'aa. Tunda lake ni gumu kama kuni. Ni la mviringo, kipenyo chake sentimita 1 hadi 2, limegawanyika katika vipande sita hadi vinane, na kila kipande kina kijipembe katikati. Likikauka hufunguka na kumwaga mbegu nyingi ndogo, bapa, zenye kijibawa chembamba pembeni. Matunda ya kiume na ya kike huzaliwa katika mti mmoja. Kwa hiyo mtu aliyesimama chini ya mti mkubwa hana haja ya kubahatisha. Ainame aokote kilichoanguka: kikibonyea ni mwangati, kikigonga kama jiwe ni msaipresi.

Taabu iko kwenye kitalu, na hapo ndipo fedha za chama zinapopotea. Mche wa msaipresi wenye miezi michache nao una majani ya sindano, kama wa mwangati. Hata mtaalamu huhitaji kutulia akiitazama. Basi mnunuzi asiitegemee sura ya mche peke yake. Auone mti mama uliotoa mbegu, au aonyeshwe mbegu zilizobaki: mbegu bapa yenye kibawa haiwezi kuwa ya mwangati. Tena autazame mwendo wa kukua. Msaipresi huwa tayari kutoka kitaluni kabla ya kutimiza mwaka. Mwangati huenda polepole, na si ajabu ukahitaji mwaka mmoja na nusu au miwili. Muuzaji anayeleta miche ya “mwangati” iliyolingana vizuri, ya kimo cha sentimita 30, na kusema kwamba aliipanda msimu uliopita, anastahili kuulizwa maswali zaidi.

MPODO

Jina mpodo hufunika miti zaidi ya mmoja. Wataalamu wameigawa katika koo mbili, na mgawanyo huo una maana hata kwa mkulima. Koo ya kwanza ni Afrocarpus, pamoja na ule wa Usambara, Afrocarpus usambarensis, na ule unaoonekana sana Kenya, Afrocarpus gracilior. Koo ya pili ni Podocarpus, pamoja na Podocarpus milanjianus wa misitu ya milimani.

Miti yote hii haina magamba kama mwangati. Majani yake ni marefu na membamba, mfano wa ulimi wa kisu kidogo, yana mshipa mmoja katikati, na hayachomi. Yakifikichwa hayatoi ile harufu kali ya mwangati na msaipresi. Ya Afrocarpus ni madogo, kwa kawaida sentimita 2 hadi 6, na gome lake hubanduka katika vipande vya mviringo, likaacha mabaka. Ya Podocarpus ni mapana na marefu zaidi, na gome lake huchanika katika vipande virefu vyembamba. Tunda la Afrocarpus ni kama tunda dogo la plamu, lenye nyama nyembamba juu na kokwa ngumu sana ndani. Katika Podocarpus mbegu hukaa juu ya kikalio kilichovimba, chenye nyama, ambacho kikiiva huwa chekundu au cha zambarau, nacho hupendwa na ndege.

Mpodo una jamaa wa sura huko Ulaya, yaani mti uitwao Taxus baccata, ambao hupandwa sana kwa nyua za bustani na viwanja vya makanisa. Majani yake yanafanana na ya mpodo kiasi cha kumpoteza mgeni, naye huzaa mbegu iliyozungukwa na kikombe chekundu chenye nyama. Majani na mbegu za mti huo ni sumu kali; ng'ombe na farasi hufa kwa kula matawi yaliyokatwa na kutupwa, na katika mti mzima ile nyama nyekundu tu ndiyo isiyo na sumu. Mti huo hauoti kwa asili katika Afrika Mashariki. Hata hivyo vitabu vya bustani vya kigeni hufika vijijini, na mtu aliyesoma onyo lile anaweza kuung'oa mpodo wake bure kwa hofu, au, jambo baya zaidi, kuagiza mbegu za mti ule akidhani ni mpodo. Vyama vinavyofuga ng'ombe wa maziwa viwe na tahadhari ya pili: majani ya msaipresi wa California yanajulikana kumfanya ng'ombe mwenye mimba kubwa aitupe. Kwa sababu hiyo majani yaliyopogolewa kwenye wigo wowote wa saipresi yasitupwe zizini wala kuwekwa horini.

Ubao wa mpodo ni wa manjano hafifu, laini kwa randa, usio na utomvu wala harufu, na maseremala waliusifu kwa samani, dari na fremu. Lakini nao, kama msaipresi, haudumu ukigusana na ardhi. Anayetaka nguzo asipande mpodo. Anayetaka wigo mzuri unaovumilia mkasi, kivuli cha heshima katika uwanja wa chama, na mbao za thamani kwa wajukuu, hatajutia.

KUPANDA

Mbegu za mwangati huchumwa matunda yakiwa ya samawati iliyokolea. Matunda hulowekwa, hufikichwa kwa mchanga ili nyama itoke, kisha mbegu huoshwa na kuanikwa kivulini. Nyingi huwa tupu ndani. Zikitiwa majini, zinazoelea zitupwe na zinazozama zipandwe, ingawa hata hizo haziwezi kuota zote. Kwa hiyo anayehitaji miche 100 asihesabu mbegu 100. Zimwagwe kwenye tuta la kuoteshea lenye kivuli chepesi, kisha miche midogo ihamishiwe katika viriba. Maji yawe ya kiasi. Mwangati huchukia udongo unaotuama maji.

Msaipresi hauna mashaka. Matunda ya kahawia huchumwa kabla hayajafunguka, huanikwa juu ya turubai mahali pasipo upepo, nayo hufunguka yenyewe. Mbegu zikikauka vizuri na kuwekwa mahali penye baridi huweza kusubiri. Hatari kwenye tuta ni miche kuoza shingo kwa sababu ya maji mengi na kubanana.

Mbegu ya mpodo ni kinyume chake. Haipendi kukauka na haipendi kungoja. Katibu anayepokea gunia la mbegu za mpodo zilizokaa stoo miezi kadhaa amepokea gunia la kokwa tu. Zipandwe mara baada ya kuokotwa na kuondolewa nyama. Ganda la kokwa likipasuliwa kwa uangalifu bila kujeruhi kiini, huota upesi zaidi. Lisipopasuliwa, mkulima ajizatiti kungoja kwa miezi. Njia nyepesi, inayotumiwa na wengi, ni kuokota miche iliyojiotea chini ya miti mama ikiwa bado midogo, kuing'oa wakati wa mvua pamoja na udongo wake, na kuitunza viribani chini ya kivuli mpaka ishike. Miche hiyo ikitoka katika msitu wa hifadhi, ruhusa ya afisa misitu ni lazima kwanza.

Ama kuhusu mahali, mwangati huvumilia ukavu kuliko wenzake wawili na hufaa katika miteremko mikavu ya kuanzia mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mpodo hupenda mahali penye mvua na udongo wenye kina, na ukiwa mchanga hustahimili kivuli. Unaweza kupandwa chini ya miti mingine mikubwa. Msaipresi hutaka jua.

Mti wowote kati ya hii usipandwe ndani ya kahawa wala ukingoni mwake. Wigo wa saipresi hunyonya maji na rutuba, na mistari ya kahawa iliyo karibu hujionyesha yenyewe kwa unyonge wake. Kwa kivuli cha kahawa iko miti iliyozoeleka, kama mgrivea na mruka. Ikiwa mpaka hauna budi kupandwa saipresi, pachimbwe mfereji kati ya wigo na mazao, mizizi ikatwe kila mwaka.

Hesabu ya miche ifanywe kabla ya kuagiza. Shamba la eka moja la umbo la mraba lina mzunguko wa mita 254 hivi. Miti ya mbao ikipandwa mpakani kwa nafasi ya mita 3, inatakiwa miche 85. Wigo wa kupogolewa ukipandwa kwa nafasi ya nusu mita, inatakiwa zaidi ya 500. Chama kilichoagiza kwa kukisia hujikuta na miche inayokaukia viribani au na wigo wenye mapengo, na vyote viwili huonekana vibaya mbele ya mkutano mkuu.

Wigo wa saipresi upogolewe mapema na mara kwa mara, ukiwa bado na majani mabichi mpaka ndani. Anayengoja hadi uwe mnene kisha akakata kufikia matawi makavu ya kahawia ataacha shimo lisilozibika, kwa maana tawi la saipresi lililopoteza majani halichipui tena. Mwangati una tabia hiyo hiyo.

VIDUKARI WA SAIPRESI

Mwaka 1986 alionekana Malawi mdudu mgeni, kidukari wa saipresi. Kufikia mwaka 1990 alikuwa ameenea Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Wanaokumbuka miaka ile wanakumbuka nyua zilizokuwa za kijani tangu enzi za wazazi wao zikigeuka kahawia kama zilizopitiwa na moto. Baadaye, katika miaka ya 1990, waliletwa nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari hao, nao walisaidia kupunguza makali. Lakini mdudu hakutoweka.

Ni mdogo, milimita 2 hadi 4, wa rangi ya kahawia yenye kijivu, na hukaa kwa makundi juu ya gome la matawi, mara nyingi upande wa ndani usioonekana. Hufyonza utomvu. Dalili ya kwanza si ukavu. Ni unatanato juu ya majani, ukungu mweusi kama masizi, na sisimizi wanaopanda na kushuka kwa wingi. Majani yakishakuwa ya kahawia, adui amekaa muda. Matawi yaliyoshambuliwa yakatwe na kuchomwa, na miche ikaguliwe kabla ya kutoka kitaluni, kwa maana mdudu husafiri pamoja na miche.

Mwangati nao hushambuliwa na kidukari huyu, kwa vile miti hii miwili ni ndugu. Mpodo hamhusu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutopanda mpaka mzima kwa mti wa aina moja. Chama chenye mpaka mrefu kingefanya vyema kupanda sehemu mpodo, sehemu mwangati, na msaipresi mahali panapohitaji mbao za karibuni, ili balaa ikija isichukue vyote.

YA KUANDIKWA NA YA KUTARAJIWA

Wanachama waambiwe kweli kabla hawajapiga kura. Mwangati si mti wa miaka 10. Kinachozuia mchwa ni kiini chekundu, siyo ubao mweupe wa nje, na mti mchanga karibu wote ni mweupe. Nguzo nyembamba iliyokatwa kwenye mwangati mchanga itaoza kama nguzo nyingine yoyote, na mwanachama atasema mti umemdanganya. Nguzo zile za wazee, zilizosimama miaka na miaka, zilipasuliwa kutoka miti mikubwa. Tena mti mkubwa wenyewe huweza kuwa mtupu ndani kwa ugonjwa wa kuvu unaokula kiini, hivyo unene wa nje si dhamana. Anayepanda mwangati leo anawapandia watoto wa watoto wake. Katika muda huo mfupi uliopo, nguzo za chama zitatoka kwenye msaipresi au mkaratusi uliotiwa dawa, na gharama ya dawa iingizwe katika makisio.

Katika mapatano ya ununuzi neno “mwerezi” lisitumike. Katibu aandike jina la kienyeji na jina la kitaalamu pamoja: mwangati, Juniperus procera, au msaipresi, Cupressus lusitanica, au mpodo, kwa koo yake. Aandike mahali mbegu zilipotoka na mwezi zilipochumwa. Kwenye hati ya kupokelea mali atie sahihi mtu anayeijua miti, hata kama si mjumbe wa bodi. Mzee aliyefanya kazi msituni anaweza kufaa zaidi kuliko mwenye cheo. Ni busara malipo yagawanywe mara mbili, sehemu ya pili ilipwe baada ya miche kushika ardhini. Wauza miche waaminifu hawalikatai sharti hilo. Kijitawi kimoja na tunda kutoka mti mama vikikaushwa ndani ya gazeti na kubandikwa kwenye jalada la faili, mkaguzi wa mwaka wowote ujao ataweza kulinganisha kilichonunuliwa na kilichosimama shambani.

Miti ikishapandwa iingizwe katika daftari la mali ya chama kwa aina, idadi na mahali ilipo, na hesabu ifanywe upya kila mwaka kama inavyofanywa kwa samani za ofisi. Ikifika siku ya kukata, afisa misitu wa wilaya aonwe kwanza, hata kwa mti ulio ndani ya mpaka wa chama, kwa sababu gogo la mwangati au la mpodo likikutwa barabarani bila hati ya kusafirishia hakuna atakayeweza kulitofautisha na lililoibwa msituni. Nakala ya mapatano ya zamani ya kununua miche, yenye jina sahihi la mti na mwaka wa kupandwa, ndiyo ushahidi wa kwanza atakaouhitaji katibu siku hiyo. Kwa hiyo faili hilo lisichanganywe na hati zinazochomwa baada ya muda wake kwisha.